Kipimo cha Pili

Mafundi magari wa Dar es Salaam hulitumia neno "sensa" kwa maana ambayo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Kwao sensa ni kifaa kidogo kilichochomekwa kwenye injini ili kuipa kompyuta ya gari habari: sensa ya hewa, sensa ya oksijeni, sensa ya joto. Wataalamu wa lugha wamependekeza "kihisi", nalo ni neno zuri, lakini gereji haikungoja. Ilichukua neno la Kiingereza, ikaliweka irabu mwishoni, na kwa bahati likaangukia juu ya neno jingine tulilokuwa nalo, lile la kuhesabu watu. Mwaka 2022 Serikali ilipofanya Sensa ya Watu na Makazi ilitangaza kwamba Tanzania ina watu 61,741,120, kutoka 44,928,923 waliohesabiwa mwaka 2012. Maneno haya mawili hayana undugu wa asili, lakini kazi yake ni moja. Sensa ya gereji na sensa ya Serikali zote humhudumia mwenye kuamua ambaye hawezi kwenda kujionea kila kitu kwa macho yake.

Mfanano huo umenikaa akilini tangu nilipotumia sehemu kubwa ya wiki tatu kufuatilia ugonjwa wa gari. Gari lenyewe si langu. Ni la mdogo wangu, aliyehamishiwa Mbeya kikazi na kuniomba nisimamie matengenezo kabla mkewe na watoto hawajalipanda kumfuata. Ni Subaru Forester yenye turbo, mojawapo ya magari mengi yaliyokwisha kutumika Japani ambayo hushushwa katika bandari yetu na kuanza maisha mapya huku. Safari ya Mbeya hupita Kitonga, na yeyote aliyewahi kupanda Kitonga akiwa na familia na mizigo anajua kwamba pale gari huulizwa swali ambalo halijaulizwa tangu Kibaha.

Mmiliki aliyelitangulia alikuwa amelifanyia mabadiliko. Alifunga turbo kubwa kuliko ile ya kiwandani, pampu ya petroli yenye nguvu zaidi, na nozeli kubwa. Nozeli za awali aliziuza pamoja na gari zikiwa zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Zilipopimwa zilitoa takribani sentimita za ujazo 440 za petroli kwa dakika. Zile kubwa zilitoa 750. Baada ya kuzifunga, kompyuta ya injini, ambayo mafundi huiita kontroli boksi, iliandikwa upya ili itambue kwamba milango sasa ni mipana.

Ni vyema nieleze kwa nini kuandikwa upya kulihitajika, maana hoja yangu yote inasimama hapo. Nozeli ni mlango unaofunguliwa kwa umeme kwa muda wa sehemu chache za elfu moja ya sekunde. Kompyuta haiipimi petroli inayotoka. Hupima hewa inayoingia, hukokotoa petroli inayostahili hewa hiyo, kisha huamuru mlango ufunguliwe kwa muda fulani na kuamini kwamba kiasi kilichokusudiwa kimetoka. Katika mwendo wa kawaida, gramu 1 ya petroli huhitaji takribani gramu 14.7 za hewa. Turbo inaposhindilia hewa ndani ya silinda, petroli huongezwa hadi gramu 1 kwa gramu 11 au 12 za hewa, kwa sababu petroli ya ziada hupoza silinda. Ikipungua wakati huo, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, injini hugonga, na pistoni huweza kupasuka au kuyeyuka kwa muda mfupi sana.

Ugonjwa wa gari letu ulikuwa na dalili mbili zisizopatana. Asubuhi injini ikiwa baridi ilitoa moshi mweusi, na plagi zilipofunguliwa zilikuwa na masizi, ishara ya petroli kuzidi. Lakini gari lilipokanyagwa kwa nguvu kwenye mwinuko, lilisikika likigonga kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo, kisha likapoteza nguvu. Barabara ya tambarare lilikwenda vizuri kabisa. Taa ya onyo kwenye dashibodi haikuwaka hata siku moja.

Gereji ya kwanza iliona masizi ikafunga sensa mpya ya oksijeni. Ya pili ilisafisha nozeli, ikabadilisha plagi na koili. Ya tatu ilisoma kompyuta, ikaona kwamba kompyuta yenyewe ilikuwa ikipunguza petroli kila wakati, na ikatoa ushauri ulioonekana kuwa wa kisayansi kuliko yote: nozeli ziandikwe upya ili petroli ipungue kwa asilimia 10 katika hali zote. Nilimwomba fundi anipe siku mbili, kwa kuwa sikuona jinsi ushauri huo ulivyoeleza ule mgongo wa mlimani.

Fundi wa nne nilielekezwa na jirani. Ni kijana wa miaka thelathini na ushei. Hana cheti cha chuo chochote. Ufundi aliupata kwa kumshikia tochi mjomba wake, na baadaye kwa kujisomea. Aliniamkia, akasikiliza maelezo yote bila kunikatiza, kisha akasema: "Mwalimu, hapa kwanza hatufungui wala hatununui kitu. Tunaandika." Akatoa daftari la shule na kuchora safu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya injini inayonguruma bila kukanyagwa. Ya pili ilikuwa ya mwendo wa kilomita 80 kwa saa kwenye tambarare. Ya tatu ilikuwa ya mzigo, yaani turbo ikishindilia.

Katika safu ya kwanza aliandika hasi 9: kompyuta ilikuwa ikipunguza petroli kwa asilimia 9 ili sensa ya oksijeni iridhike. Katika ya pili aliandika hasi 6. Katika ya tatu aliweka alama ya kuuliza. Nilipomwuliza sababu, alieleza kwamba mzigo ukiwa mkubwa kompyuta ya gari hili huacha kuifuata sensa yake ya oksijeni na kutoa petroli kwa kufuata jedwali lililoandikwa ndani yake. Pale ambapo injini ina hatari kubwa kuliko popote, hapakuwa na kipimo kilichokuwa kikisahihisha lolote.

Kisha alinipa somo ambalo nimelisimulia kwa wanafunzi wangu wa mbinu za utafiti. Kila ugonjwa, alisema, una umbo lake kwenye zile safu. Kama kompyuta ingekuwa imeambiwa ukubwa usio sahihi wa nozeli, kosa lingekuwa asilimia ileile kila mahali. Kama ingekuwa haijui muda ambao nozeli huuchukua kufunguka baada ya kupata umeme, kosa lingekuwa kubwa pale amri inapokuwa fupi na lingefifia mzigo unapoongezeka. Kosa la robo ya milisekunde ni robo nzima ya amri ya milisekunde 1, lakini ni karibu asilimia 2 tu ya amri ya milisekunde 12. Lingefifia, lakini lisingegeuka kuwa kinyume chake. Kama pampu ingekuwa dhaifu, petroli ingepungua kwenye mzigo, lakini isingezidi injini inaponguruma tu. Na kama mpira wa hewa ungekuwa umetoboka karibu na injini, dalili zingekuwa kinyume cha zetu: bila kukanyagwa injini ingevuta hewa isiyohesabiwa na petroli ingepungua; turbo ikishindilia, hewa iliyokwisha kuhesabiwa ingevujia nje na petroli ingezidi. Gari letu lilikuwa na petroli nyingi pasipo mzigo, na mgongo wake ulimfanya ashuku kwamba kwenye mzigo ilikuwa chache. Lakini kushuku si kupima, na safu ya tatu ilikuwa bado na alama ya kuuliza.

Hapo ndipo alipotoa kipimo chake mwenyewe. Ni sensa ya oksijeni yenye uwezo wa kusoma masafa mapana, na ina saa yake inayosomeka kwa macho. Haiunganishwi na kompyuta ya gari. Haiiambii kompyuta chochote, wala kompyuta haiwezi kuielekeza isome nini. Kabla ya kuifunga kwenye bomba la moshi aliishika hewani, mbali na magari, aone kama inaisoma hewa tupu inavyostahili. Kisha akaziba mwisho wa bomba kwa kitambaa na kusikiliza kama kuna mahali panapovuja, kwa kuwa bomba lenye ufa huingiza hewa na kuifanya sensa yoyote, ya gari au ya kwake, iseme kwamba petroli ni chache. Alifunga pia saa ya presha kwenye mrija wa petroli.

Tulitoka alfajiri kwenye barabara yenye mwinuko nje ya mji, yeye akiendesha, mimi nikimsomea namba kwa sauti. Turbo ilipofika bar 0.7 juu ya hewa ya kawaida, saa ilipaswa kusoma 11. Nilisoma 12, kisha 12.6, kisha nilipotamka 13 alikuwa amekwisha kuachia mafuta. Saa ya presha ya petroli muda wote ilikuwa imesimama kwenye bar 3, haikupanda wala kushuka. Alisimamisha gari pembeni, akafungua boneti na kwenda moja kwa moja kwenye regyuleta ya presha. Ule mdomo mdogo unaopaswa kuunganishwa kwa mpira mwembamba na manifoldi ya hewa ulikuwa wazi, na upande wa manifoldi tundu lilikuwa limezibwa kwa parafujo. Risiti tuliyoikuta baadaye kwenye dashibodi ilionyesha kwamba regyuleta ilibadilishwa baada ya kompyuta kuandikwa upya. Aliyeibadilisha hakurudisha mpira.

Mpira huo haubebi petroli. Kazi yake ni kuiambia regyuleta hali ya hewa upande wa pili wa nozeli. Injini inaponguruma bila kukanyagwa, ndani ya manifoldi hewa huwa pungufu kwa takribani bar 0.6, regyuleta iliyoambiwa hivyo hushusha presha ya petroli hadi 2.4, ili tofauti kati ya pande mbili za nozeli ibaki 3. Turbo inaposhindilia bar 0.7, huipandisha hadi 3.7 kwa sababu hiyohiyo. Regyuleta yetu haikuambiwa kitu, ikabaki 3. Bila mzigo tofauti ikawa 3.6, na kwa kuwa mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha, petroli ikazidi kwa karibu asilimia 10. Kwenye mzigo tofauti ikawa 2.3 tu, petroli ikapungua kwa zaidi ya asilimia 12. Mpira mmoja wa senti chache ulizaa masizi asubuhi na mgongo mlimani.

Lakini lililonishtua zaidi lilikuwa jambo jingine. Kompyuta ya gari lile hujifunza. Ikiona kwa siku kadhaa kwamba petroli inazidi, huhifadhi sahihisho lake kwenye kumbukumbu, na sehemu ya kumbukumbu hiyo huitumia hata pale isipoifuata sensa. Kwa hiyo ilijifunza tambarare kwamba inapaswa kupunguza petroli, ikaubeba uaminifu wake huo hadi mlimani, ambako petroli tayari ilikuwa chache, ikapunguza tena. Kila sehemu ya mfumo ilifanya kazi yake ipasavyo. Sensa ilisema kweli kuhusu ilichokiona, na kompyuta ilitii. Masahihisho hayakuvuka mipaka iliyowekwa, ndiyo maana taa ya onyo haikuwaka. Ule ushauri wa kupunguza asilimia 10 nyingine ungeufanya ugonjwa usionekane kabisa pasipo mzigo. Kompyuta isingekuwa tena na sahihisho la kuonyesha, gari lingenguruma kwa utulivu, na injini ingekufa Kitonga ikiwa imebeba watoto wanne.

Mpira ulirudishwa, waya wa betri ukafunguliwa ili kumbukumbu ifutike, na safari ya pili ikasoma 11.2 kwenye mzigo. Nimeona niyaeleze haya kwa urefu kwa sababu nchi yetu inaendeshwa na mifumo inayojisahihisha kwa namna hiyohiyo, nami nimekaa katika vikao vya kutosha vya tathmini kujua jinsi tunavyoridhika masahihisho yanapokuwa ndani ya mipaka.

Chukua elimu. Sensa kuu ya mfumo wetu wa elimu ni mtihani wa taifa. Mtihani huo una kazi mbili: kumchagua mwanafunzi anayeendelea, na kuiambia Serikali kama shule zinafundisha. Februari 2013 yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Nchi ilishtuka, kama inavyostahili. Waziri Mkuu aliunda tume. Matokeo yale yakafutwa, alama zikapangwa upya kwa utaratibu wa awali, na Mei mwaka huohuo yakatangazwa matokeo mengine ambayo idadi ya waliofeli ilikuwa imepungua. Matokeo ya mwaka 2014 yalitolewa kwa wastani wa pointi badala ya madaraja. Mwaka 2016 ikaamriwa madaraja yarudi.

Sidai kwamba kulikuwa na hila. Katika uamuzi wa 2013 kulikuwa na hoja ya haki: mtahiniwa hapaswi kuadhibiwa kwa kupimwa kwa rula ambayo hakuambiwa imebadilishwa. Lakini iangalie hali hiyo kwa jicho la fundi mwenye daftari. Ndani ya miaka minne rula ilibadilika mara kadhaa, huku kile kinachopimwa, yaani mtoto aliyekaa darasani pamoja na wenzake themanini na mwalimu mmoja, kikibaki palepale. Mzazi aliyetaka kujua kama shule ya kijiji chake imepanda au imeshuka hakuwa na njia ya kulinganisha. Namba zilitulia, na tukachukulia utulivu wa namba kuwa afya ya injini.

Kipimo cha pili kilikuwapo. Tangu mwaka 2010 mpango wa Uwezo ulituma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba, wakiwapa watoto, hata waliokwisha kufika madarasa ya juu, hadithi fupi na hesabu za kiwango cha darasa la pili.  Walimkuta mtoto nyumbani na kumwomba asome. Kiwango hakikupanda wala kushuka kwa kutegemea mwaka ulikuwa wa nini. Waliwakuta watoto wa darasa la saba wasioweza kusoma hadithi ya darasa la pili, watoto ambao katika hesabu za shule walikuwa wamevuka darasa moja baada ya jingine bila taa yoyote kuwaka. Unaweza kuubishia utaratibu wao wa kuchagua kaya au namna walivyowafunza wapimaji, na ubishi wa aina hiyo una faida. Lakini huwezi kusema kwamba sensa ya mfumo ilikuwa imetuambia jambo hilo kabla yao.

Ndiyo maana bado naitazama kwa uzito hatua iliyochukuliwa mwaka 2018, Bunge liliporekebisha Sheria ya Takwimu ya 2015 na kulifanya kosa la jinai tendo la kusambaza takwimu zenye nia ya kubatilisha, kupotosha au kudhalilisha takwimu rasmi. Benki ya Dunia ilieleza hadharani wasiwasi wake, na mwaka 2019 Bunge likairekebisha tena sheria na kuliondoa kosa hilo. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa kifungu kimeondolewa, suala limekwisha. Mimi naona halijaisha, kwa sababu fikra iliyokizaa kifungu kile haikuishi ndani ya sheria peke yake. Inaishi kwa mkuu wa idara anayeuliza, kabla ya kuuliza utafiti umeonyesha nini, nani ameuruhusu. Inaishi kwa mtafiti kijana anayeamua, bila kuambiwa na mtu yeyote, kutochapisha jedwali la nne. Inaishi pia ndani ya vyuo vyetu, pale tunapoipokea tathmini ya mtaala iliyoandikwa na walewale wanaoufundisha.

Hoja ya upande wa pili inastahili kujibiwa kwa heshima. Wanasema: takwimu za kuokoteza ni hatari, mtu anaweza kutangaza namba za ovyo na kuleta taharuki. Ni kweli. Kipimo cha pili nacho huweza kudanganya. Bomba lenye ufa huidanganya sensa ya fundi sawasawa na sensa ya gari. Lakini fundi yule hakutuomba tuiamini saa yake kwa kuwa ni yake. Aliishika hewani mbele yangu, akaliziba bomba mbele yangu, akaandika namba kwenye daftari ambalo fundi mwingine anaweza kulisoma na kulipinga. Dawa ya kipimo kibaya ni kuonyesha jinsi kilivyosawazishwa na kumruhusu mwingine apime tena. Gari ambalo limefungwa sensa moja tu na kupigwa marufuku kufungwa ya pili halijapata usalama wowote. Limepata ukimya, na ukimya wa dashibodi nimekwisha kueleza thamani yake.

Wala wazo hili si geni serikalini. Wataalamu wa sensa ya watu, katika nchi nyingi, hurudi kwenye maeneo machache yaliyochaguliwa baada ya hesabu kuu kwisha, na kuyahesabu upya kwa kutumia makarani wengine, ili wajue ni wangapi waliorukwa na wangapi waliohesabiwa mara mbili. Hakuna anayewaita wasaliti wa hesabu ya kwanza. Wanafanya hivyo kwa kuwa wanaiheshimu hesabu ile kiasi cha kutaka kujua inakosea wapi. Ninachouliza ni kwa nini heshima hiyo tuipe idadi ya watu peke yake, na tuwanyime watoto wanaofundishwa, wagonjwa wanaolazwa na wakulima wanaosubiri pembejeo.

Kuna pia lile la kumbukumbu. Mfumo hujifunza pale unapoona na kulitumia somo hilo pale usipoona. Mkaguzi hufika kwanza shule iliyo karibu na lami. Dodoso hujazwa haraka na mwenye simu yenye chaji. Kutoka huko hutengenezwa sahihisho la wastani, na sahihisho hilo hupelekwa kama waraka kwenye shule ambayo mvua ikinyesha haifikiki kwa miezi miwili. Waraka ule unaweza kuwa sahihi kabisa tambarare. Huko juu unaweza kuwa unapunguza petroli kwenye injini inayokwisha kugonga, na anayeusikia mgongo ni mwalimu mkuu peke yake, ambaye fomu yake haina nafasi ya kuuandika.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa wasomaji wa safu hii, hasa wale walio katika halmashauri, mabaraza ya vyuo na bodi za shule. Ripoti ijayo itakapofika mezani ikiwa na asilimia zake zilizotulia, msiishie kuuliza kama lengo limefikiwa. Ulizeni namba hizi zilipimwa katika hali gani, ni nani asiye chini ya mwandishi wa ripoti aliyepima tena, na kiko wapi kipimo cha wakati wa mzigo: mwezi wa njaa, siku ya mafuriko, wodi ya usiku, darasa la mwisho wa barabara. Mkijibiwa kwamba huko hakukupimwa, msikasirike wala msiipitishe ripoti. Chukueni kalamu, andikeni alama ya kuuliza kwenye safu ya tatu, na ibaki palepale kwenye muhtasari wa kikao mpaka mtu aende kupima.